Maji ya Goweko

Mama yangu ana masikio anayoyafungua na kuyafunga apendavyo. Ukimwita anywe dawa hasikii. Ukinong'ona barazani habari za posa ya mtu, kesho yake atakusahihisha jina la bwana harusi. Ndiyo maana asubuhi ile Tatu, mdogo wangu wa baba mmoja, aliponipigia simu kutoka Goweko, nilikwenda kumsikiliza nyuma ya nyumba yetu ya Ipuli, hapa Tabora, kwenye kamba ya kuanikia nguo, na hata hivyo niliporudi ndani nilikuta habari imenitangulia. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ushungi begani, miguu haijafika chini. Akasema mama yake Tatu kafariki, wala hakuwa anauliza. Nikamwambia ndiyo, alfajiri, na kwamba wanazika baada ya adhuhuri. Akamwombea, kisha akanielekeza kwenye sanduku lake nitoe doti ya khanga ambayo haijavunjwa mkunjo, nimpelekee Tatu. Mimi ni mkunga mstaafu, nimewaona wake wenza wa kila namna, wanaobebana na wanaorogana, lakini yeye na yule marehemu sikupata kujua niwaweke wapi. Walikutana mara moja tu, kwenye msiba wa baba, wakakaa mikeka miwili tofauti na kutumiana chai kwa mikono ya watoto. Nilipokuwa nafunga mkoba akaniita, safari hii kwa sauti ndogo ambayo si yake.

"Zuhura, ukipata mwanya waulize. Kule nako alikuwa akiipiga?"

Alimaanisha filimbi ya treni. Baba alikuwa dereva wa treni za abiria, na tangu injini za mvuke zilipoondolewa njiani mama hajawahi kuitaja ile filimbi mbele yangu, hata kwa mzaha, yeye ambaye hana jambo asilolifanyia mzaha. Nikamwambia nitauliza. Nikatoka kusubiri bajaji getini, uso ukiniwaka kama wa mtoto aliyefumaniwa, mimi bibi wa wajukuu watano. Sikuwa na haja ya kumuuliza mtu. Jibu nilikuwa nalo tangu nina miaka kumi na minne.

Vijana wanaokwenda kupiga picha reli mpya ya umeme huniuliza kama zile treni zetu za moshi zilikuwa kweli zinakwenda. Zilikuwa zinakwenda, na zilikuwa nzuri. Abiria wa Tabora walivutwa na injini za mvuke za aina moja, ndugu wa tumbo moja, zilizoletwa vipande vipande kwa meli katika miaka ya mwisho ya mkoloni, zikaungwa pwani na kupakwa rangi nyekundu iliyokolea kama ini. Kila moja ilipigiliwa ubavuni kibao cha shaba chenye jina la kabila. Kwa nini kabila sijui. Labda Waingereza walikuwa wameishiwa majina ya magavana wao. Hazikula kuni kama injini za zamani, zilichoma mafuta mazito meusi, na ndiyo maana madereva wake walirudi nyumbani waking'aa kama samaki. Lakini fahari yao ilikuwa nyuma, kwenye tenda, lile tangi la maji na mafuta ambalo injini hulikokota. Lilikuwa refu karibu kama injini yenyewe, kwa sababu toka Tabora kwenda Itigi ni pori kavu la miombo, njia ileile ambayo wapagazi wa misafara walikuwa wakiikata wakiwa na vibuyu, wakifa kwa kiu. Injini za kwanza zilikuwa zikisimama stesheni baada ya stesheni kuomba maji. Hizi zilibeba ya kwao. Mzee mmoja Mwarabu mwenye duka la nguo mjini, ambaye mababu zake walifuata njia hiyohiyo na pembe na nguo za merikani, ndiye aliyezipa jina la Ngamia, na Tabora nzima ikalichukua. Nililijua hilo kama nilivyojua Fatiha. Shuleni nilikuwa nikijigamba: Ngamia wa baba yangu anatoka Itigi mpaka hapa bila kunywa hata tone.

Enzi hizo kila Ngamia alikuwa na dereva wake, na dereva alimtunza kama mtu anavyotunza baiskeli yake mwenyewe, akipakia matambara ya kung'arishia shaba kutoka nyumbani. Na kila dereva alikuwa na filimbi yake. Namaanisha chombo kilikuwa kilekile, ila mvuke hufuata mkono: ukivuta kamba taratibu sauti huanzia chini, ukiiachia ghafla hukatika, na mtu mwenye mkono mzuri aliweza kuifanya iimbe. Treni ikifika signali ya nje ya mji, dereva alipiga mlio wake, na katika kota za reli mke wake, peke yake, alinyanyuka. Bibi yangu alikuwa akisema si jambo geni. Hata misafara ilikuwa ikipuliza baragumu ikikaribia Tabora ili wenye nyumba wabandike vyungu. Mlio wa baba ulikuwa miwili mirefu, pumzi, kisha mmoja unaopanda polepole na kuvunjika kule juu. Mama aliuita simu yangu. Hapakuwa na simu kota nzima ila kwa mkubwa wa stesheni, lakini yeye alikuwa nayo. Ikilia alikuwa akiacha chochote, hata aliyekuwa akimsuka alibaki na kichwa nusu, akaenda jikoni kubandika debe la maji, kwa sababu mafuta yale hayatoki kwa maji baridi. Toka signali mpaka baba avue viatu mlangoni, maji yalikuwa yamefikia joto analolitaka. "Umesikia simu yangu?" aliwauliza majirani kupitia ua, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeonyesha mkufu.

Mwaka ninaousimulia ni ule wa foleni, wa unga wa njano na sabuni ya kugombewa. Nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili na varanda, imepakana ukuta na ya gadi wa treni na mkewe Mama Hidaya, ukuta mwembamba kiasi kwamba tulijua siku waliyogombana na siku waliyopatana. Tulikula ugali wa njano na nsansa, yale majani makavu ya kunde, yaliyoungwa kwa karanga, na baba ndiye aliyekuwa na pande la sabuni. Mama akipata mche alikuwa akiukata kwa uzi, si kwa kisu, ili usipoteze hata unga wake. Akafunga vipande kwenye kitambaa na kuviweka juu ya kabati kwa ajili ya mafuta ya Ngamia. Sisi watoto tulioga kwa maji na dua. Mwaka huohuo ndipo habari zilipoanza kusemwa wazi kwamba Ngamia wanaondolewa treni za abiria. Baadhi yao walikuwa wameshapangwa nyuma ya karakana, vibao vya shaba vimeng'olewa, na vichwa vya dizeli ndivyo vilivyokuwa vinashika njia. Baba hakulizungumza. Aliongeza tu kung'arisha, na niliona jinsi anavyoshika kijiko chake, kwa ncha za vidole, kama mtu anayevuta kamba.

Likizo ya katikati ya mwaka nilipelekwa Itigi kwa shangazi, kwa pasi ya bure ya watoto wa reli. Ilikuwa nirudi siku iliyopangwa, lakini shangazi alipata mtu wa kunisindikiza siku moja mapema, naye akanipa jogoo kwenye tenga na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya mama. Nilipoona treni inayoingia inavutwa na Ngamia wa baba nilifurahi, na sikwenda mbele kumwamkia, nikajificha daraja la tatu behewa la nyuma ili nimshtukize nyumbani. Joto la mchana likanilaza. Kilichoniamsha ni simu ya mama. Miwili mirefu, pumzi, kisha ule unaopanda. Mwili wangu haukuniuliza: nikasimama, nikavuta furushi kutoka juu, nikashika tenga la jogoo na kuanza kusukumana kuelekea mlangoni, nikiwaza mama sasa hivi anasokota khanga kiunoni anaenda jikoni. Watu wakacheka. Mama mmoja mnene aliyekuwa akinyonyesha akanishika sketi.

"Kaa, mwanangu, hapa ni Goweko," akasema. "Huyo dereva anamwita mkewe. Hajawahi kupita hapa bila kumwita."

Nilikaa. Jogoo akapiga kelele, watu wakacheka tena, wala hawakucheka kwa ubaya. Treni ilisimama kwa ajili ya abiria wa Goweko kama ilivyo kawaida, kisha ikasogea mbele kidogo, mpaka kwenye lile bomba la shingo ndefu la kunyweshea injini, ikasimama tena. Ngamia akawa anakunywa. Nikatoa kichwa dirishani, na ningemshukuru Mungu kama angenizuia. Kutoka kwenye nyumba ya udongo nyuma ya stesheni alikuja mwanamke mwembamba, mtoto mgongoni, beseni kichwani limefunikwa sahani, na mvuke ulikuwa ukipenya pembeni mwa ile sahani. Hakuwa na haraka. Alikuwa amehesabu njia yake kama mama yangu alivyohesabu ya kwake. Baba akashuka, akakunja mikono ya shati, naye yule mwanamke akamtolea kutoka kwenye pindo la khanga kipande cha sabuni. Kilikuwa na upande mmoja laini kabisa, uliokatwa kwa uzi. Baba akaosha mikono mpaka viwiko, kisha shingo, kisha masikio mwishoni, mpangilio uleule wa nyumbani kwetu, na yule mtoto mgongoni akanyoosha mkono akamshika pua. Baba akacheka. Nikarudisha kichwa ndani.

Watu hudhani nilikasirika, wale wachache niliowasimulia. Hasira ilikuja baadaye na ikapita, kama homa. Kilichonishika pale kwenye benchi ni haya, na haya ya ajabu, kwa sababu sikuwa nimefanya lolote. Niliona haya kwa kusimama. Niliona haya kwa michembe yangu na kwa jogoo, na kwa kila mtoto niliyemtambia kwamba Ngamia hanywi maji. Nilimwonea haya yule mama mnene aliyenishika sketi, ambaye alikuwa mwema na hakujua alichokisema. Zaidi ya yote nilimwonea haya mama yangu, na hapo ndipo kidonda kilipo mpaka leo, kwamba kilichoniuma hakikuwa kwamba baba ana mke mwingine. Sisi ni Waislamu wa Tabora, wake wawili si kioja. Kilichoniuma ni yale maji. Angemnunulia yule mwanamke nyumba, angempa ng'ombe, ningevumilia. Lakini alikuwa amempa simu ya mama.

Tulipofika signali ya Tabora akaipiga tena. Abiria wakanigeukia, wakaniambia haya, binti, sasa simama, nami nikasimama kwa sababu walikuwa wananingoja. Nyumbani mama alinipokea kwa kelele na kumsifu jogoo, debe likiwa tayari jikoni linaanza kuimba. Akaniambia nisimguse kwanza, moshi utaniingia, anamwekea baba maji. Baba akaja, akavua viatu mlangoni, akaniona. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Akatazama tenga, akauliza nimekuja na treni gani, nami nikajibu ileile ya kwake, behewa la nyuma. Alichukua ndoo na sabuni akaingia bafuni, lile banda la mabati uani, na akakaa humo muda mrefu kuliko kawaida, wala maji hayakusikika yakimwagika. Mama akamwuliza kutoka jikoni kama yamekuwa ya moto sana. Akajibu hapana, mke wangu, yako sawasawa.

Miezi iliyofuata nilijifunza kitu ambacho kazi ya ukunga ilikuja kunithibitishia, kwamba siri haifichwi na wengi isipokuwa mbele ya mmoja. Kota nzima ilikuwa inajua. Niliwezaje kutojua mapema, mtu ninayejua hata ugomvi wa sukari wa nyumba ya pili? Mama aliposema "simu yangu hiyo", wale wanawake waliokuwa wakichambua mchele pamoja naye waliinamisha vichwa ghafla, kila mmoja akaona punje mbovu kwenye ungo wake. Nilidhani zamani wanamwonea wivu. Jioni moja kupitia ukuta nilimsikia Mama Hidaya akimwambia mumewe, yule gadi aliyekuwa akipunga bendera Goweko kila safari, kwamba amwambie mwenzake aache kumchoresha mkewe, yule mama anajitangaza mno, watu wanacheka chini kwa chini. Gadi akajibu kuwa aibu ya maiti aijuaye mwosha, na kwamba yeye ni mwosha tu, hazungumzi. Mama alikuwa upande huu pamoja nami, anasuka ukili, na masikio yake siku hiyo yalikuwa yamefungwa au yamefunguliwa, sijui. Alinyoosha mkono akaniomba nimpe kisu.

Na nilisema neno moja tu katika mwaka ule wote. Nilimpelekea baba chakula karakanani, mchana, akiwa amepanda ubavuni kwa Ngamia anasugua kibao cha jina kwa tambara na majivu. Alikuwa akijua, kwani waliambiwa asubuhi hiyo, kwamba ni yeye atakayeleta Tabora treni ya mwisho ya abiria kuvutwa na Ngamia, na kwamba kutakuwa na sherehe ndogo. Alinieleza kwa furaha, akashuka, akanawa mikono kwenye kopo. Nikamtazama anavyonawa. Viwiko, kisha shingo.

"Baba," nikasema, "si ulituambia Ngamia hanywi maji njiani?"

Mafundi walikuwa wakigonga vyuma upande wa pili, na nilifikiri labda hakusikia.

"Hana haja ya kunywa, mama," akanijibu, kwa namna baba anavyomwita binti yake. "Mimi ndiye ninayesimama."

Akala, akanirudishia vyombo, akaniomba nimsalimie mama. Sijutii kuuliza. Lakini nilikuwa sijawahi kumwona mzazi akimwogopa mtoto, na sikujua kama ni kitu kinachowezekana, na nilitembea kurudi kota nikiwa nimebeba sahani tupu kwa mikono miwili kana kwamba zimejaa.

Siku ya treni ya mwisho mama alivaa doti mpya na kupika pilau, katika mwaka ule wa unga wa njano, mchele ameukusanya kwa vikombe kutoka kwa nani na nani. Aliwaalika wanawake wa kota kwenye varanda yetu kabla ya kwenda stesheni, kwa sababu, alisema, pale ndipo simu yake inaposikika vizuri, na leo ndiyo inalia mara ya mwisho, kila mtu aje aisikie. Walikuja. Nani angekataa? Walikaa wamebanana, hawazungumzi, na Mama Hidaya aliendelea kukunja na kukunjua pindo la ushungi wake. Mama alikuwa ameshachochea kuni, debe limejazwa liko chini, pembeni mwa mafiga, linangoja. Hakutaka kulibandika kabla. Huo ndio ulikuwa utaratibu wake miaka yote, maji hupanda jikoni filimbi ikilia, si mapema, na alitaka mara ya mwisho iwe kama zote.

Saa ya treni ikafika. Tuliona moshi juu ya miti upande wa Igalula. Tuliusikia mvuke ukihema, tukasikia magurudumu yakipita signali ya nje, na filimbi haikulia. Mama aliinua kidole kutuambia tungoje. Ngamia akapita nyuma ya kota, amevikwa matawi na bendera, mwekundu, kibao kinang'aa jua la alasiri, na baba dirishani ameangalia mbele, mkono wake umelala juu ya paja. Akaingia stesheni kimya. Ngoma zikaanza kule. Kidole cha mama kilikuwa bado kipo hewani. Mmoja wa wanawake akasema labda filimbi imeharibika, mwingine akadakia upesi kwamba ndiyo, injini zenyewe zimechakaa, mvuke hautoshi. Walizungumza kwa huruma nyingi mno. Hapo ndipo niliona mama akiwatazama mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayerudia kusoma barua, na nikaona anavyoelewa kwamba kuna kitu wote wanakijua. Sikuweza kutazama. Nilikimbilia jikoni nikabandika debe mimi mwenyewe, nikasogeza kuni chini yake.

Jioni hiyo baba alimweleza mama, wamekaa chumbani, mlango wa kitambaa, nasi watoto varandani na sinia la pilau ambalo hakuna aliyeligusa. Alimwambia habari za Goweko, za ndoa iliyofungishwa na mwalimu wa madrasa wa huko, za mtoto wa kike anayeitwa Tatu na mwingine yuko njiani. Mama aliuliza mtoto ana umri gani. Kisha akasema yatosha, hataki kusikia zaidi, na kwamba pilau lisitupwe, lipelekwe kwa Mama Hidaya. Ya filimbi baba hakuyataja. Nadhani alidhani amelipa kosa lake kwa kutoipiga siku ile, na mama hakuuliza kwa nini hakuipiga. Maisha yakaendelea, kama yanavyoendelea. Ngamia wakakatwa kwa gesi wakawa vyuma chakavu. Baba akapewa dizeli, ambayo honi yake ni moja kwa madereva wote, na mama akasema kitu hicho hakina adabu, kinapigia kelele mji mzima bila kumwita mtu. Maji akawa anayabandika kwa kukisia, mara ya moto mno, mara yamepoa. Baba akawa anayaoga hivyohivyo.

Hayo yote yalikuwa kichwani mwangu nilipofika Goweko, na nyumba ilikuwa ileile nyuma ya stesheni, sasa imeezekwa bati. Wazee wa Kinyamwezi waliokuwa nje waliniamkia mwangaluka, nikaitika, na nilipojitambulisha wakanipisha, wakatandika mkeka mpya, wakisema mtoto mkubwa wa marehemu kafika. Marehemu. Sikuwa nimempa mwanamke yule hata salamu ya mkono. Tatu alinishika mkono mpaka jikoni, tukakaa kwenye vigoda, naye akanionyesha mafiga ya mama yake, yamekuwa meusi na laini kama visigino. Alinihadithia, bila mimi kumwuliza, kwamba habari ya baba ambayo mama yake hakuchoka kumsimulia ni ile filimbi, na yeye kutoka na beseni. Alisema mama yake alikuwa akisubiri pale tangu asubuhi kwa sababu treni haikuwa na saa. Maji yakipoa aliyarudisha motoni, yakipoa aliyarudisha, na kuni alizikata mwenyewe na mimba. Kisha akalia, nami nikampa zile khanga, nikamwambia zimetoka kwa mama yangu. Akaziweka usoni.

Njiani kurudi nilijitayarishia uongo mzuri. Ningesema Goweko ilikuwa na mlio mwingine, mfupi, wa kawaida tu, wa kuwaonya ng'ombe. Nimewadanganya wagonjwa kwa nia njema maisha yangu yote, na mama ana miaka zaidi ya themanini, uongo mmoja ungemtosha mpaka mwisho. Bajaji ikaniacha kwenye kona, nikatembea kile kipande cha vumbi mpaka mlangoni nikiurudia. Nilimkuta barazani ameshika fimbo yake. Aliuliza kama wamezika salama, nani alikuwepo, Tatu kazipokeaje khanga. Nikamjibu yote. Akangoja. Nikatazama miguu yake iliyovimba ndani ya kandambili, nikaukosa uongo wangu.

"Ilikuwa hiyohiyo, mama," nikasema. "Niliisikia mwenyewe, ule mwaka. Niliona haya kukuambia."

Hakugeuka. Mtaani wapitaji walikuwa wakirudi kutoka sokoni na baiskeli zao, na mmoja akamwamkia, naye hakuitika, akanifanya nifikiri masikio yamejifunga. Nilitamani yawe yamejifunga.

"Basi naye alikuwa akibandika maji," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na treni ikichelewa?"

"Alikuwa akiyarudisha motoni."

Akatikisa kichwa polepole, na nilimwona anamfikiria, labda kwa mara ya kwanza, yule mwanamke na beseni lake na kuni zake. Kisha akaweka mkono juu ya goti langu ili apate kusimama.

"Umetoka msibani, nenda kaoge," akasema. "Maji yako yapo jikoni, nilisikia bajaji kule kwenye kona."